Mama, mwambie binti yako ulikoma lini

Huku Tanga, binti akivunja ungo hufundwa na somo wake namna ya kujihifadhi siku za hedhi. Habari ya kukoma hedhi haiguswi. Baada ya maisha yangu ya kazi katika wodi ya wazazi, nasema kimya hicho kinawaumiza mabinti zetu.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kama milioni moja hadi mbili. Akibalehe yamebaki laki tatu au nne, nayo huzidi kupungua. Kasi ya kupungua huko hutegemea sana vinasaba. Mwaka 2021, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wapatao 200,000, ukitaja maeneo 290 ya vinasaba yanayohusiana na umri wa kukoma hedhi. Mengi yanahusu jeni zinazokarabati DNA iliyoharibika. Lakini wanawake hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Atakayemuuzia mwanamke wa Handeni kipimo cha orodha hiyo atakuwa anamshonea gauni kwa vipimo vya mtu mwingine.

Sisi tunacho kipimo cha bure: kuuliza. Alinijia mwanamke wa miaka 36, hedhi imepotea, usiku analoa jasho. Alikwisha kumeza dawa za malaria, na mawifi wamemwambia amefungwa kizazi. Nikamgeukia mama yake: "Bibi, wewe ulikoma lini?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Huyu kitinda mimba wangu alikuwa hajaanza shule." Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye aliona haya kulisema.

Takriban mwanamke mmoja kati ya mia hukoma kabla ya miaka 40. Mama au dada akikoma mapema, uwezekano wa binti kufuata nyayo huongezeka, ingawa si lazima. Akijua mapema, atapanga uzazi wake kwa wakati, na hedhi ikiyumba atamwona daktari, maana kukosa homoni mapema hudhoofisha mifupa na moyo.

Kliniki zetu humuuliza kila mjamzito tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Ziulize pia mama yake alikoma akiwa na umri gani, na kama alikoma mwenyewe au baada ya upasuaji. Nanyi masomo, mnapomfunda mwari, mwiteni mama yake aeleze yake. Mawifi nao wataacha kumtafuta mchawi.