Magari ya Umeme na Gereji za Kasubi

Mtu apandaye barabara ya Hoima kutoka Nakulabye kwenda Kasubi, kabla hajafika kwenye makaburi ya Makabaka, huziona gereji za wazi ambazo ardhi yake imekuwa nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka nenda miaka rudi. Oili hiyo ndiyo riziki ya mafundi. Gari la petroli lina tabia ya kurudi: leo oili na filta, mwezi ujao plagi, baadaye klachi, mwishowe injini nzima hushushwa. Si wachache miongoni mwa askari wanaotazamia kustaafu ambao wanaitegemea kazi ya namna hiyo kuwa shamba lao la uzeeni. Hapana budi basi tuchunguze ni jambo gani linalopita barabarani hapo siku hizi bila mlio na bila moshi.

Tulipokuwa kadeti tulifundishwa kwamba dereva wa jeshi haanzi safari kabla ya kukagua oili, maji, mafuta na hewa ya matairi. Katika gari la umeme oili ya injini haipo, kwa kuwa injini yenyewe haipo. Hakuna plagi, hakuna klachi, hakuna pampu ya dizeli wala bomba la moshi. Maji ya kupoza yamo katika mengi ya magari hayo, lakini kazi yake ni kupoza betri na vifaa vya umeme. Hata breki hudumu zaidi, maana dereva aondoapo mguu, mota hugeuka jenereta, ikapunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Katika ule ukaguzi wa asubuhi kinachobaki vile vile ni hewa ya matairi, nayo yataka uangalifu zaidi kuliko zamani, kwani betri ni nzito na mota huvuta kwa nguvu tangu gari linapoanza kuondoka.

Aidha, hatari zimebadilika. Fundi aliyezoea betri ya volti 12, ambayo huigusa kwa mkono mtupu, atakutana na volti 400 au zaidi, zikipita katika nyaya za rangi ya chungwa. Bila kuukata umeme huo, kungoja, na kuvaa glavu maalumu, kosa lake la kwanza laweza kuwa la mwisho. Wenzetu wa Polisi, ambao idara ya zimamoto iko chini yao, wanahusika pia. Moto wa petroli tunaujua: lori la mafuta lililowaka Namungoona, jirani na Kasubi, mwezi Juni 2013, liliua watu zaidi ya 30. Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Hutaka maji mengi mno, na yaweza kuwaka tena saa nyingi baada ya kila mtu kudhani kwamba imezimika.

Lakini kiini cha mambo ni fedha. Duniani kote, wakala wa magari hupata faida ndogo katika kuuza gari jipya. Faida yake kubwa hutoka katika vipuri na matengenezo ya miaka inayofuata. Gari lisilohitaji kurudi humnyima sehemu kubwa ya faida hiyo. Ndiyo maana Tesla ya Marekani iliwaacha mawakala kabisa, ikawauzia watu moja kwa moja, na kasoro nyingine huzirekebisha kwa kutuma programu mpya hewani bila fundi kuligusa gari. Tuseme wazi: maarifa ya kutengeneza yanahama kutoka mikononi mwa fundi na kuingia katika kompyuta ya aliyetengeneza. Asiye na ruhusa ya kuifungua kompyuta hiyo, hata awe hodari namna gani wa spana, hubaki kuwa mtazamaji.

Hapa Kampala jambo hili limekuja kwanza kwa njia ya bodaboda. Kampuni kama Zembo, iliyoanza mwaka 2018, zimeweka vituo ambamo mwendeshaji huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Mpango ni mzuri, na mwendeshaji haathiriki bei ya petroli ipandapo. Bali katika mpango wa namna hii betri kwa kawaida hubaki mali ya kampuni. Sasa mtazame askari anayekopa katika Wazalendo SACCO, au polisi katika Exodus, akanunua pikipiki na kumpa kijana amletee fedha kila juma. Pikipiki ya petroli ni yake yote, na ikiharibika huko Kasubi, fundi wa jirani huifungua. Pikipiki ya umeme ni yake kasoro moyo wake. Vituo vikipungua, au bei ya kubadilisha betri ikipanda, mkopo utaendelea kukatwa katika mshahara kama kawaida. Hatusemi kampuni hizo zina nia mbaya. Twasema mkataba usomwe kabla ya kutia sahihi, hasa mahali panapotaja nani anaruhusiwa kuifungua pikipiki na betri ni ya nani.

Anayenunua gari la mtumba kutoka Japani naye abadili maswali yake. Kilomita zilizosomeka katika mita si habari kubwa tena. Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010, hazina maji ya kupoza betri, na joto huzizeesha upesi. Mnunuzi ahesabu vipande vya uhai wa betri katika dashibodi, ambavyo gari likiwa jipya huwa 12.

Wapo watakaouliza kwa nini basi Serikali inalisukuma jambo hili. Jibu la askari ni rahisi. Januari 2022 malori ya mafuta yalikwama mpakani Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, na petroli ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 10,000 lita moja katika sehemu kadhaa za nchi. Umeme wa Karuma, megawati 600, haupiti Malaba. Kadhalika, jeshi letu halikukaa kando: Kiira Motors, iliyotokana na gari la wanafunzi wa Makerere la mwaka 2011, iliunganisha mabasi yake ya Kayoola katika kiwanda cha Luwero Industries, Nakasongola, kilicho chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi, na NEC hiyo hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga kiwanda cha Jinja. Wapo basi miongoni mwetu waliokwisha kuzishika nyaya hizo. Twaona kwamba maarifa yao yasifungiwe Nakasongola na Jinja. Yafikishwe katika karakana za vikosi, na mafunzo ya askari anayekaribia kustaafu yawe pamoja na glavu na kipimo cha volti, si spana peke yake.

Kwa sasa fundi wa barabara ya Hoima aletewapo pikipiki ya umeme iliyogoma, aweza kuziba tairi, kukaza breki na kubadilisha taa. Zaidi ya hapo huisukuma pembeni, akampigia simu mwenyewe aipeleke kwa kampuni, na siku hiyo hakuna fedha inayorudi kambini.