Gitaa Kwanza, Pesa Baadaye

"Tuma nusu nikushikilie, kuna mtu mwingine anakuja saa hii." Umewahi kuambiwa hivyo? Mimi niliambiwa na muuzaji wa gitaa la besi mtandaoni. Nikatuma elfu tatu. Gitaa sijaliona mpaka leo, na simu yake haipatikani.

Maoni yangu ni haya: kwa chombo kilichotumika, usitume pesa ya kushikilia, hata bei ikiwa tamu. Picha haitoi sauti. Besi lazima uishike. Kama wewe bado ni mwanafunzi, nenda na yule anayepiga besi kanisani kwenu. Angalieni kama shingo imepinda. Ichomekeni kwenye amplifaya, mpige nyuzi zote nne, mzungushe vitufe vya sauti. Vikikwaruza, bei ishuke. Nyuzi zikiwa na kutu, hesabu pia bei ya nyuzi mpya.

Ukiridhika, lipa papo hapo. Soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na la muuzaji, uliza kwanza. Ule ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako. Na kumbuka, ukikosea namba unaweza kuomba pesa irudishwe, lakini aliyepokea akishaitoa, kuipata ni kazi.

Je, akisema mwingine atainunua? Mwache ainunue. Besi nyingine utapata. Elfu tatu zangu bado nazingoja.