Mwacheni Mama Asome Hadithi Yake

Najua nimepotea. Kwa wale wanaonitumia meseji kuuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, nipo, nina sapu moja tu na hiyo tutaiongea siku nyingine nikiwa na nguvu. Mitihani imekwisha. Hapa UDOM upepo wa kiangazi umeanza kazi yake, vumbi linaingia mpaka kwenye mswaki, na nusu ya hosteli wameshafunga mabegi.

Leo nina jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi nilishuka mjini kutafuta zawadi ya kumpelekea mama. Nikasimama kwa muuza vitabu vya mitumba, yule anayetandika turubai chini, nikawa nachambua. Nikapata riwaya moja ya Ben Mtobwa, jalada limechakaa, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Shilingi elfu tatu, nikaomba apunguze, akagoma. Nikiwa nahesabu hela, nikasikia kicheko nyuma yangu. Mwanadarasa mwenzangu, tena mtu ninayemheshimu. Akasema, "Yaani msomi mzima wa chuo kikuu unamnunulia mama yako takataka?"

Nilicheka na mimi. Ndiyo kinachoniuma. Nilipofika chumbani ndipo majibu yakaanza kuja, kama kawaida ya majibu.

Nianze na mama mwenyewe. Mama yangu ni mama ntilie pale Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Mliosafiri barabara ya Morogoro mnapajua: unatoka Dodoma unapita Buigiri, Chinangali kwenye zabibu, Mbande, halafu unakutana na foleni ya malori na magunia. Hapo ndipo tulipolelewa. Wenzetu wa Ulaya majira yao ya joto yakifika, magazeti yanawapangia orodha ya vitabu vyepesi vya kusoma ufukweni, na akina mama wenye watoto wanapangiwa orodha yao. Sisi huku nyanda za kati hatuna ufukwe. Tuna mvua moja, Desemba mpaka Aprili ikijitahidi, na baada ya hapo kiangazi kirefu. Kwa mama wa shambani kiangazi ni ahueni kidogo, jembe limepumzika. Kwa mama ntilie wa Kibaigwa ni kinyume kabisa. Mavuno yameshatoka, malori yanaingia usiku na mchana, na makuli wanataka kula. Kwa hiyo likizo yangu mimi ndiyo msimu wake yeye wa kukimbizana.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Uji, chai, chapati. Saa nne anageukia maharage, nyama, wali, ugali, na mlenda kwa wenyeji. Kuanzia saa sita mpaka saa nane na nusu usimwongeleshe jambo la maana, hakusikii. Saa kumi anaanza tena kuwasha moto wa jioni. Katikati hapo, saa tisa mpaka saa kumi, kuna kitu kinatokea ambacho mimi nilikiona miaka yote bila kukielewa. Anageuza ndoo, anaikalia, anaegemea gunia la mkaa, anavaa miwani yake yenye mguu mmoja, anasoma.

Anasoma nini? Hapo ndipo msomi mimi nilipojitia aibu.

Nilipopata bumu la kwanza, nikasema nimnunulie mama kitabu cha maana. Nikachagua Watoto wa Mama Ntilie, cha Emmanuel Mbogo. Si kile tulichokisoma wengi wetu sekondari? Nilijiona nimefikiria mno: mama ni mama ntilie, kitabu ni cha mama ntilie, vinafanana kama kikombe na kisahani. Basi akasoma kurasa kama thelathini. Peter na Zita wamefukuzwa shule kwa ada, Mzee Lomolomo yuko kwenye pombe. Akakifunga taratibu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, haya si ndiyo nayaona hapa kila siku? Umeniletea kitabu nipumzike, au unanikumbusha ada?"

Nikaanza kumweleza kuhusu dhamira na ujumbe. Akanisikiliza kwa adabu kama anavyowasikiliza watu wa mikopo. Halafu akainama chini ya meza, akatoa bunda la karatasi zilizoshonwa kwa uzi wa gunia. Zilikuwa hadithi za kuendelea, zile za magazeti ya udaku. Magazeti ya zamani huwa ananunua kwa kilo ya kufungia maandazi, lakini kabla hayajafungia chochote anayapekua kwanza. Sehemu ya 9, sehemu ya 10, sehemu ya 12. Nikamuuliza ya 11 iko wapi. Akasema ya 11 iliondoka na maandazi ya dereva mmoja wa Gairo, na yeye ameshajitungia yaliyotokea humo. Akanisimulia. Nawaambia kweli, sehemu ya 11 ya mama ilikuwa bora kuliko 10 na 12.

Kitabu cha Mbogo nakiheshimu, msinielewe vibaya, kimetufundisha wengi. Kipo juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa. Ila hakijafunguliwa tena.

Sasa hoja yangu. Mwanadarasa mwenzangu hakumtukana mama yangu, alirudia tu tulichofundishwa. Tumekaa miaka tukijifunza kwamba kuna fasihi dhati na kuna fasihi pendwa, na hiyo ya pili inasemwa kwa mdomo uliopinda kidogo. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, watu walisoma, wakaazimana, wakasoma tena. Zainab Burhani akaja na Mali ya Maskini mwaka 1981. Lakini sisi kwenye mtihani tunaulizwa, mwandishi amefanikiwa vipi kuielimisha jamii? Kitabu kisichoelimisha kinahesabiwa kimekosa kazi ya kufanya.

Na hapa namkumbuka bibi. Bibi yangu alijifunza kusoma mtu mzima, kwenye ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kazi iliyofanyika si mchezo: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67 nchi nzima, ilipofika 1977 walikuwa kama asilimia 27. Bila ngumbaru bibi asingemsisitizia mama shule, na mimi nisingekuwa hapa. Lakini angalieni walichopewa kusoma. Vitabu vya kisomo vilikuwa vya kilimo cha pamba, ufugaji wa ng'ombe, uvuvi, siasa, na mambo ya nyumbani. Mwanamke amefunguliwa macho, na sentensi ya kwanza inayoingia machoni inamwambia achemshe maji ya kunywa. Vizuri, maji yachemshwe. Lakini tangu siku hiyo hadi leo, karatasi yoyote inayomfikia mwanamke wa kwetu ina kazi ndani yake. Kadi ya kliniki, kijarida cha lishe, fomu ya kikundi cha kuweka na kukopa, barua ya mwalimu mkuu. Zote zinamwambia fanya hiki, lipa hiki, acha kile.

Hadithi ya sehemu ya 12 haimwambii mama afanye chochote. Haimdai. Ndiyo uzuri wake.

Si mimi wa kwanza kuliona hilo. Kuna Mmarekani mmoja, Janice Radway, mwaka 1984 alitoa kitabu baada ya kukaa na akina mama wa mji mmoja waliokuwa wasomaji wakubwa wa hadithi za mapenzi. Alitegemea majibu yatoke ndani ya hadithi zenyewe. Wale akina mama wakamrudisha kwenye kitendo cha kusoma. Ukishika kitabu, watu wa nyumbani wanaona mama ameshika kitabu, na kwa muda huo yeye si wa kutumwa na yeyote. Nilipokisoma hicho maktaba niliona ndoo ya Kibaigwa iliyogeuzwa.

Mwenzangu wa chumbani, yeye ni mlokole na ni mtu mzuri tu, nilipomsomea haya akanibishia: hadithi hizo zimejaa uzinzi, waganga na utajiri wa kuua ndugu, zinaharibu watu. Hana makosa yote. Zipo mbaya. Mimi kinachonikera zaidi ni kwamba msichana akivaa suruali sehemu ya 2, ujue sehemu ya 20 lazima afe. Lakini nilimwona mama akifika hapo. Alisonya, akasema, "Huyu mwandishi hana dada," akafungua ukurasa unaofuata. Sasa huyo utamlinda na nini? Mtu aliyewahi kuwadai hela makuli arobaini kwa siku moja anajua uongo ukipita.

Halafu mbona baba haulizwi? Baba anakaa kibandani anaangalia mpira wa Uingereza dakika 90, na za nyongeza juu. Sijawahi kumsikia mtu anamuuliza, "Mzee, leo umejifunza nini? Maudhui ya mechi yalikuwaje?" Anaambiwa anapumzika. Mama akishika gazeti tunataka atuonyeshe faida.

Kuna watakaosema siku hizi kuna simu, hadithi ziko WhatsApp, za nini karatasi? Ni kweli, mama naye kaingizwa kwenye kundi. Mtunzi anarusha kipande usiku, anakata pale mtu anapofungua mlango, halafu anakwambia tuma buku kwa namba hii upate kilichobaki. Mama amelipa mara kadhaa, na simlaumu mtunzi, naye anakula wapi? Tatizo ni hiyo simu yenyewe. Ni simu ya biashara. Mama yuko kwenye kipande kitamu, dereva anapiga kutoka Pandambili anataka sahani nane zimsubiri. Mwenye mchele anapiga. Mwenye nyama anapiga.

Na mimi napiga.

Hili sikutaka kuliandika lakini ndilo lililonifanya nikae chini. Hela ikikata hapa chuoni, nampigia mama. Na kwa kuwa namjua ratiba yake vizuri, huwa sipigi saa sita, nitamsumbua. Huwa nasubiri saa tisa, najua atakuwa amekaa. Shikamoo mama, marahaba, hujambo, sijambo, mama naomba elfu ishirini ya madesa. Miaka miwili nimekuwa nikifanya hivyo na kujiona mtoto mwenye huruma. Kumbe katika saa ishirini na nne za mama nilikuwa nimeichagua ile moja isiyo ya mtu mwingine. Hajawahi kulalamika. Kuna siku tu nilisikia karatasi ikikunjwa kabla hajaniambia "nakusikiliza, mwanangu."

Kwa hiyo likizo hii nimepanga hivi, na mnishikilie kwa maneno yangu. Saa nane na nusu nashika mwiko mimi. Masufuria naosha mimi, makuli wanaodaiwa nawafuata mimi, na simu inakaa mfukoni mwangu. Kaka yangu naye ana mikono miwili, nitamkumbusha. Mama atageuza ndoo yake mapema, asome hata masaa mawili kama ataweza kukaa hivyo bila kuja kuonja chumvi. Sina hakika kama ataweza. Tutaona.

Nyie mnaosafiri wiki hii, nendeni na kitu mkononi. Msibebe kitabu mnachotaka mama akipende. Muulizeni. Mwingine atataka mapenzi, mwingine mpelelezi, mwingine atasema kitabu cha nyimbo kinamtosha. Rafiki yangu wa Manyoni alimuuliza wa kwake, akaambiwa, "Niletee kitu cha kuchekesha, kifupi, herufi kubwa." Oda hiyo imeshinda maduka matatu mpaka sasa, kama kuna mtu anajua pa kukipata amsaidie.

Mimi naondoka Jumamosi na basi la asubuhi. Ile ya mitumba nimeshainunua, nilirudi kesho yake na muuzaji akapunguza mia tano bila kuombwa. Ila moja haitoshi kiangazi kizima. Mwenye riwaya yoyote ya Joram Kiango chini ya godoro anione kabla ya Ijumaa jioni, nitairudisha chuo kikifunguliwa, naapa. Sharti ni moja tu: iwe na kurasa za mwisho. Ile niliyompelekea mwaka jana ilikuwa imechanwa kurasa nane, na mpaka leo kila nikipiga simu ananiuliza kama Nuru alipona.