Binti Anakwenda Ng'ambo



Mwezi huu nawaandikia nikiwa hapa Mkomaindo, Masasi, na sanduku la binti yangu liko mlangoni. Ana miaka 16. Kanisa letu limemchagua pamoja na vijana wenzake kwenda Uingereza majuma matatu, kukaa na Wakristo wa huko na kushuhudia. Wengi wenu mtasema nina bahati. Nami nilisema hivyo siku tatu za kwanza. Siku ya nne usingizi ulinipaa.

Kwanza ilibidi aitwe mjomba wake. Huku kwetu, uwe Mmakua, Myao au Mmakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na huwezi kumtuma ng'ambo kama unayemtuma sokoni. Kaka yangu alikuja, akanywa chai yake taratibu, akauliza swali moja tu: "Huko atalala kwa nani?"

Sikuwa na jibu! Kesho yake nikaenda kwa padri kuomba jina, anwani na simu ya mwenyeji, pamoja na jina la mama atakayefuatana na mabinti. Usione haya kuuliza, dada, hata kama barua ya mwaliko ina msalaba juu yake. Matapeli nao wanajua kuchora msalaba. Padri wetu hakuchukia hata kidogo.

Karatasi nazo zina kazi yake. Kwanza vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, chake na vyetu wazazi, halafu Uhamiaji, na sh. 150,000 za pasipoti. Baba yake alitoa fedha za korosho zilizokuwa za mabati. Viza inataka barua ya ridhaa ya wazazi, na alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam. Anza miezi mingi kabla. Koti nilipata mtumbani. Nadhani lilitoka huko huko anakokwenda.

Lakini usiku mmoja tukichambua mboga akaniuliza: "Mama, wao ndio waliotuletea dini. Mimi nitawapelekea nini?"

Nilitaka kumwambia awaimbie tu, yaishe. Nikajizuia. Nikamweleza kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere hakuja Masasi na Wazungu peke yao. Alitoka Zanzibar na wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika hapa wakakataa kuendelea, wakajenga. Hao ndio waliokuwa Kanisa la kwanza huku, wenye majembe na vyungu. Mwaka 1882 Magwangwara waliwashambulia, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Na Kanisa halikufa. Nikamtajia pia Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto. Alivuka bahari kusoma Canterbury, akarudi, akawa padri mwaka 1890, akahudumu Chitangali.

Binti akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe hatukuletewa tu."

Nilipoona moyo wake umefunguka, nikamwambia na lile ambalo mimi sikuambiwa na mama yangu. Mtu yeyote, awe mwenyeji au mtu wa Kanisa, akikugusa isivyofaa au akikuambia mfiche jambo, mwambie mama mlezi siku hiyo hiyo. Kukataa si kukosa adabu. Aliinamia mboga asinitazame, lakini alikuwa akisikiliza, najua. Nikamkaririsha namba ya simu ya baba yake mpaka akaweza kuitaja bila kutazama popote, maana simu hupotea.

Jumamosi alfajiri anapanda basi la Dar es Salaam. Mjomba wake amesema atakuja stendi kumsindikiza. Ametanguliza kilo mbili za korosho za kukaanga kwa ajili ya mwenyeji, na ameagiza zisiguswe njiani.