Kukumbuka ni Kupanga: Funzo kutoka Nyakoe

Aghalabu, linapotajwa neno kumbukumbu katika madarasa ya fasihi, fikra za wengi hukimbilia wakati uliopita: mashujaa, uhamaji wa jamii na simulizi za wazee. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi hubeba kinasasauti na swali moja: "Zamani mlifanyaje?" Swali hilo si baya, ila ni nusu ya swali. Kumbukumbu humtumikia binadamu kwa ajili ya kesho pia, na yamkini hiyo ndiyo kazi yake kubwa zaidi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inathibitisha jambo hili. Nomino kumbukumbu hutazama nyuma, lakini kitenzi kukumbuka hutazama pande zote mbili. "Alikumbuka alivyonunua chumvi" ni habari ya jana iliyorejeshwa akilini. "Alikumbuka kununua chumvi" ni nia iliyotimizwa. Chumvi imo jikoni. Sarufi imetofautisha kukumbuka tukio na kukumbuka wajibu, ilhali uhakiki wa fasihi umeshughulikia zaidi lile la kwanza.

Mfano wa wazi unapatikana Nyakoe, soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu. Mkulima anayepeleka ndizi sokoni hana budi kukumbuka ni mkungu upi uliokomaa na uko pembe ipi ya shamba, mteja yupi ana deni, na jirani yupi aliazima kikapu. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote. Kila wajibu ameufunga kwenye kitu atakachokutana nacho: akifika langoni kwa jirani, atadai kikapu, akimwona mdaiwa, atauliza fedha, mawingu yakitanda, atarudi mbio kuanua mahindi. Methali isemayo "Dalili ya mvua ni mawingu" hufunzwa shuleni kama hekima ya kubashiri. Kwa mwenye mahindi uani, methali hiyo ni agizo la kazi.

Wataalamu wa saikolojia wamelifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1990, Gilles Einstein na Mark McDaniel walichapisha majaribio kuhusu kukumbuka kutenda jambo pindi dalili fulani inapotokea. Katika majaribio hayo, wazee hawakuonekana kushindwa na vijana. Kabla ya hapo, Endel Tulving alikuwa ameeleza habari za mgonjwa wa Kanada, ambaye baadaye alijulikana kwa herufi K.C., aliyeumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981. Mgonjwa huyo alijua mambo mengi ya dunia na aliweza kucheza sataranji, lakini hakuweza kukumbuka tukio hata moja la maisha yake. Alipoulizwa atafanya nini kesho, hakuwa na jibu. Aliyepoteza jana yake alikuwa amepoteza na kesho yake.

Wapo watakaodai kwamba simu ya mkononi imeiondolea kumbukumbu mzigo huo. Ni kweli kwamba tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo mengi yameacha maandishi ambayo zamani yangebaki kichwani. Hata hivyo, kengele ya simu hulia saa iliyotegwa. Haijui kwamba mvua imewahi leo. Na daftari halina faida kwa asiyekumbuka kulifungua.

Kwa mantiki hiyo, kinachohatarika ni zaidi ya ngano na nyimbo za kale. Jamii ya Abagusii ilikuwa na egesangio, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Zamu hizo zilitegemea watu waliokumbuka shamba la nani limekwisha, la nani linafuata, na nani hakufika. Mtafiti akirekodi wimbo wa palizi akaacha kuuliza ulisaidia kupanga nini, amehifadhi sauti na kuzika maarifa. Isitoshe, humfanya mzee wa Nyakoe aonekane ghala la mambo yaliyopita, hali yeye ndiye mpangaji wa kazi za nyumba yake hadi leo.

Idara za Kiswahili hazihitaji fedha nyingi kurekebisha hali hii. Zinahitaji kuongeza swali katika hojaji za wanafunzi wao. Baada ya kuuliza "Methali hii ilitoka wapi?", mtafiti na aulize pia: "Hukukumbusha kufanya nini, na lini?" Msimulizi atakapojibu, huenda akaacha kuzungumzia mababu zake na kuanza kueleza shughuli zake za kesho. Kinasasauti kisizimwe hapo.