Chanjo ya Mifugo: Ubaridi Peke Yake Hautoshi

Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Mfugaji huchangia shilingi 500 kwa ng'ombe, na kuku wa kienyeji huchanjwa bure. Kwa mama wa Ujiji, mkoani Kigoma, anayesomesha watoto kwa kuku, na kwa mfugaji wa Uvinza, huo ni msaada mkubwa. Ugonjwa wa mdondo ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote.

Ubora wa chanjo unapotajwa, wengi hufikiria friji na barafu. Lakini chanjo iliyotunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa inaweza kuwa imebeba vimelea tangu kiwandani.

Chanjo nyingi zenye virusi hai hukuzwa kwenye mayai, au kwenye seli zinazolishwa majimaji ya damu ya ndama. Yai au damu ikiwa na ugonjwa, nao unaweza kuingia kichupani. Mwaka 1999, Uholanzi ilisimamisha chanjo ya lazima ya ng'ombe baada ya toleo moja la chanjo hiyo kukutwa na kirusi kingine.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Wanasayansi waliichambua Lumpivax, chanjo ya mapele ngozi iliyotengenezwa Kenya na kutumika Kazakhstan, wakakuta ndani yake virusi vya aina mbalimbali, vikiwemo vilivyochanganyika. Mwaka 2022 walihitimisha kwamba huenda chanjo hiyo ndiyo chanzo cha virusi vilivyochanganyika vilivyoonekana Urusi mwaka 2017 na baadaye China.

Uchafu huingia hata mwisho wa safari. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha, hudondoshwa tone moja jichoni. Mdomo wa kichupa ukigusa jicho la kuku mgonjwa, anayefuata hupokea chanjo pamoja na vimelea. Chanjo ya sindano nayo huchafuliwa na maji yasiyo salama ya kuchanganyia, au sindano inayotoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine bila kusafishwa.

Wapo watakaosema kuyatangaza haya kutawatisha wafugaji. Hofu hiyo ina msingi, kwani kukataa chanjo ni hasara kubwa kuliko hatari ya toleo moja bovu. Hata hivyo, ng'ombe akifa baada ya sindano bila maelezo, uvumi utatembea kijiji kwa kijiji na kuvunja imani kuliko taarifa yoyote ya maabara.

Bara la Afrika lina maabara ya kupima chanjo za mifugo: AU-PANVAC ya Umoja wa Afrika, iliyoko Debre Zeit, Ethiopia. Kila toleo linalopelekwa Kigoma liambatane na cheti cha vipimo, na ofisa mifugo aandike namba ya toleo kwenye daftari la kijiji. Nawe mfugaji, kabla kuku wako hajashikwa, omba usomewe namba hiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni haki yako.