Usiuze bangili kabla kabureta haijafunguliwa



Biashara yangu ya nguo za harusi hunifikisha mpaka Makambako, pale barabara ya Mbeya na ya Njombe zinapoachana. Safari iliyopita mteja wangu, aliyeolewa mwaka jana, alinijia na bangili zake za mahari nimtafutie mnunuzi. Mumewe anavua Manda, kwenye Ziwa Nyasa. Mashine yake kuukuu ya boti ilikaa miezi bila kazi, sasa inawaka ukivuta choki tu, ukiirudisha, inazima. Alikuwa ameipandisha kwenye basi kuja kuiuza kama chuma chakavu.

Nikamwambia, mdogo wangu, subiri kwanza. Tukaenda kwa fundi wa pikipiki.

Alipofungua kabureta, petroli ya zamani ilikuwa imekauka ndani ya kikombe chake na kuwa kama gundi. Jeti, kile kitundu kidogo kinachopitisha mafuta, kilikuwa kimeziba. Mimi nikatoa sindano ya cherehani azibulie. Akakataa: jeti ni ya shaba laini, ukikipanua kitundu kidogo tu mashine italewa mafuta. Akaloweka, akaosha kwa petroli safi, akapuliza kwa upepo wa pampu, akabadilisha gasketi. Wakaiwasha ndani ya pipa la maji, maana pasipo maji haipoi. Ikanguruma, choki imerudishwa.

Sasa niseme ninaloliamini. Mahari ni haki yako wewe mke. Ukimpa mumeo kwa ridhaa yako, ni wema na una malipo kwa Allah. Lakini tumelelewa kuvua dhahabu haraka kuliko kuuliza swali, na tunaita huko kuuliza ni ukosefu wa adabu. Sikubali. Kununua kipya wakati cha zamani kinahitaji kuoshwa ni israfu, na israfu haiwi ibada kwa sababu tu imefanywa kwa mapenzi.

Wapo watakaosema mashine ni mambo ya wanaume. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, akituma misafara na kuchagua wa kumwamini na mali yake. Kuijua mali yako hakukupunguzii stara.

Kweli, si kila mashine itapona kwa kuoshwa. Pistoni ikiwa imekwisha, huenda mkahitaji nyingine. Hapo kaeni mkubaliane: ni zawadi, ubia au mkopo? Kama ni mkopo, uandikwe. Dini imetufundisha kuandika deni, wala si dalili ya kutoaminiana.

Na mkumbushe mumeo: kabla ya kuiweka mashine muda mrefu, achomoe mpira wa petroli, aiache iwake mpaka imalize mafuta ya ndani.

Allah azibariki ndoa zetu na riziki zetu. Amin.